Sikio la Upande wa Pili: Namna ya Kuchagua Hedifoni Zisizo na Waya kwa Simu za Kazi

(Mazungumzo haya yalitolewa na Karani Mkuu wa Usafirishaji wa Chama Kikuu mbele ya makatibu, makarani na watunza ghala wa vyama vya msingi, katika semina ya maandalizi ya msimu. Yanachapishwa kwa ombi la wajumbe waliohudhuria, na kwa faida ya vyama ambavyo havikuweza kuleta wajumbe.)



Nimetakiwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo mno kuwekwa katika ratiba moja na mambo ya mizani, magunia na malipo ya wakulima. Jambo lenyewe ni namna ya kuchagua hedifoni zisizo na waya kwa ajili ya simu za kazi. Vyama kadhaa vimeniandikia vikiuliza vinunue zipi, maana katibu anayesimama mizanini mikono yake yote miwili ina kazi: mmoja umeshika daftari na wa pili umeshika kalamu. Hana mkono wa tatu wa kushikia simu. Haja hiyo ni ya kweli, na swali ni la haki.

Lakini kabla sijajibu swali hilo, yanipasa nikiri kosa langu mwenyewe. Naamini kosa hilo lina mafunzo mengi kuliko maandishi yote yaliyochapwa juu ya maboksi ya madukani.

Mwaka 2022 nilipewa jukumu la kununua hedifoni za makatibu wetu. Nilikwenda dukani, nikaonyeshwa zile ndogo za kutumbukizwa masikioni, nikazivaa, nikafunguliwa muziki. Ndugu zangu, ulikuwa muziki mtamu! Ngoma ilisikika kama imo chumbani. Nikasema hizi ndizo, nikalipa fedha za wanachama, nikarudi nazo nikiwa nimefurahi.

Wiki chache baadaye katibu wa chama kimoja alinipigia simu jioni akiwa nje ya ghala lake. Upepo ulikuwa ukivuma, na lori lilikuwa likinguruma kando yake. Alinitajia idadi ya magunia ya korosho yaliyokuwa yakipakiwa. Mimi nikasikia tisini, nikaandika tisini katika daftari la safari. Usiku lori lilipofika ghala kuu yalishushwa magunia sitini. Daftari langu likasema kwamba magunia thelathini yamepotea njiani.

Kwa muda wa siku tisa katibu yule alihesabiwa kuwa mwizi. Aliitwa mbele ya Bodi. Mtoto wake aliambiwa shuleni kwamba baba yake amekula korosho za watu. Siku ya kumi ndipo tulipokaa na nakala za stakabadhi za wakulima, tukajumlisha gunia kwa gunia, tukapata sitini. Hapakuwa na gunia hata moja lililopotea. Kilichopotea ni herufi mbili tu, zilizobadilishana nafasi katika sikio langu. Ndugu huyo yumo humu ukumbini leo, naye ameniruhusu niyasimulie haya. Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Mimi naongeza kwamba hata daftari, likiandikwa kwa kusikia vibaya, laweza kumwangamiza mtu asiye na hatia.

Kelele ya nani?

Nilipochunguza sababu za mkasa huo, jambo moja lilinishangaza. Katibu yule alikuwa akinisikia mimi vizuri kabisa. Sauti yangu ilimfikia safi, kwa hiyo hakuwa na njia ya kujua kwamba sauti yake ilikuwa ikinifikia imekatika. Hapa ndipo ulipo msingi wa mazungumzo yangu yote: mvaaji wa hedifoni hasikii kasoro yake mwenyewe. Kasoro husikiwa na mtu wa upande wa pili. Basi hedifoni ya kazi hatuichagui kwa ajili ya sikio la mnunuzi aliye dukani. Twaichagua kwa ajili ya sikio la karani atakayeandika namba akiwa mbali.

Juu ya maboksi mengi imeandikwa kwamba kifaa kinaondoa kelele. Muulizeni mwuzaji: kelele ya nani? Kwa maana kuna mambo mawili yanayoitwa kwa jina hilohilo. La kwanza ni kumpunguzia mvaaji kelele. Kifaa husikiliza mngurumo wa nje, kisha hutengeneza wimbi la sauti lililo kinyume chake, na mawimbi hayo mawili hupunguzana nguvu sikioni. Ufundi huo humpa mvaaji utulivu, lakini haumsaidii anayepigiwa hata kidogo. La pili ni kuisafisha sauti ya mvaaji kabla haijaondoka kwenda kwa mwenziwe. Kazi hii hufanywa na vipaza sauti viwili au zaidi vikishirikiana na programu inayotenganisha maneno na ngurumo. Hili la pili ndilo tunalolihitaji mizanini. Hedifoni yaweza kuwa hodari sana katika la kwanza na dhaifu katika la pili; zile nilizonunua mimi zilikuwa za namna hiyo.

Mahali pa kipaza sauti

Programu yaweza kusaidia, lakini hakuna programu inayoshinda ukaribu. Sauti ya mtu hupungua nguvu kadiri inavyosafiri, na upungufu huo ni wa haraka: mahali pasipo na kuta, umbali ukizidishwa mara mbili nguvu ya sauti hubaki robo. Chukueni mfano wa hedifoni yenye mkono mwembamba unaofikisha kipaza sauti sentimita 3 kutoka mdomoni. Linganisheni na kidude cha sikioni ambacho kipaza sauti chake kiko sentimita 12 kutoka mdomoni. Umbali umezidi mara nne. Kwa hiyo sauti inayokifikia kidude kile ina nguvu ya sehemu moja tu kati ya 16 za ile inayofika kwenye mkono. Lakini kelele ya lori, kwa kuwa inatoka mbali, huvifikia vipaza vyote viwili kwa nguvu karibu sawa. Basi katika kidude kidogo maneno yamepungua na kelele imebaki palepale.

Kwa sababu hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu: kwa kazi za ghalani, mizanini na mnadani, nunueni hedifoni yenye mkono wa kipaza sauti. Mkono huo ukae pembeni mwa mdomo. Usiwekwe mbele yake hasa, ili pumzi isikipige kipaza, na kipaza chenyewe kifunikwe kwa kisponji cha kukinga upepo. Haina urembo wa zile ndogo, lakini jembe halichaguliwi kwa urembo wa mpini.

Sitini na tisini

Wengine watauliza kwa nini namba ile ilipotea, wala si nyingine. Simu za kawaida kwa miaka mingi zimepitisha sehemu tu ya sauti ya binadamu, kuanzia mitetemo 300 hadi 3,400 kwa sekunde. Sauti za irabu hupita vizuri katika mlango huo. Lakini mlio wa herufi s una nguvu zake nyingi juu ya mitetemo 4,000, na kwa hiyo hukatwa mlangoni. Sasa tazameni lugha yetu: sita na tisa zina irabu zilezile, katika mpangilio uleule, na tofauti yake ni mahali zilipokaa s na t. Sitini na tisini ni hivyohivyo. Ukiongeza upepo na ngurumo juu ya mlango huo mwembamba, hakuna sikio la kuaminika. Na hatari hii haihusu magunia peke yake: lori linalotakiwa saa sita likisubiriwa hadi saa tisa, wapakizi wamepoteza saa tatu.

Upo mpango unaoitwa sauti pana, ambao hupitisha hadi karibu mitetemo 7,000. Katika Bluetooth uliwekwa mwaka 2011, na hedifoni nyingi za sasa za kazi zinao. Ulizeni kama upo kabla ya kununua. Lakini fahamuni kwamba sauti pana hupatikana tu pale ambapo hedifoni, simu na mtandao, vyote kwa pamoja, vinaikubali. Kiungo kimoja kikikosa, mazungumzo hurudi kwenye mlango mwembamba bila mtu kuambiwa.

Tena, muziki si kipimo. Katika hedifoni nyingi za Bluetooth, muziki husafiri kwa njia moja tu, kutoka kwenye simu kwenda sikioni, nao hupewa nafasi kubwa. Simu inapoanza, kifaa hubadili mpango ili sauti ipite kwenda na kurudi, na ubora hushuka mara moja. Kwa hiyo kuijaribu hedifoni ya kazi kwa muziki, kama nilivyofanya mimi, ni sawa na kumnunua ng'ombe wa maziwa kwa kutazama pembe zake.

Mawimbi yapitayo hewani

Hedifoni nyingi zisizo na waya hutumia Bluetooth. Ufundi huo ulianza kubuniwa na wahandisi wa kampuni ya Ericsson mjini Lund, nchini Sweden, mwaka 1994. Mwaka 1998 makampuni matano, yaani Ericsson, IBM, Intel, Nokia na Toshiba, yaliungana ili kifaa cha mmoja kielewane na kifaa cha mwingine. Sisi wanaushirika tulitazame jambo hilo kwa makini: hata washindani wakubwa wa biashara waliona kwamba kila mmoja akijenga lugha yake, wote watakosa soko.

Mawimbi ya Bluetooth yako katika masafa ya 2.4 GHz, ambayo hutumiwa pia na mitambo mingi ya Wi-Fi na majiko ya maikrowevu. Vifaa vya kawaida hufika kiasi cha meta 10. Mwili wa binadamu, kwa kuwa una maji mengi, huyameza mawimbi hayo. Kwa hiyo sauti ikikatikakatika, kwanza hamisheni simu kutoka mfuko wa nyuma kwenda mfuko wa mbele, upande uleule ilipo hedifoni. Kasoro nyingi zinazodhaniwa kuwa za kifaa huponywa na mfuko.

Ipo aina ya pili, iitwayo DECT, ambayo huwasiliana na kituo chake kidogo kinachokaa mezani. Hufika mbali zaidi, nayo yafaa kwa karani wa ofisi anayepokea simu nyingi huku akizunguka kati ya meza na kabati la majalada. Haimfai mtu wa mizanini, kwa kuwa kwa kawaida haiungani moja kwa moja na simu ya mkononi. Hapa nawatahadharisha jambo moja. DECT ya Ulaya hutumia masafa ya 1880 hadi 1900 MHz, na ile ya Marekani hutumia 1920 hadi 1930 MHz. Katika nchi nyingi nje ya Amerika, masafa hayo ya pili yamo ndani ya mkanda ambao simu za mkononi huutumia kupeleka mawimbi minarani. Kifaa kilicholetwa na ndugu kutoka Marekani kama zawadi kwa chama chaweza kuwavurugia majirani simu zao. Kila mnunuapo, hakikisheni kifaa kina ithibati ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Betri na chaji

Saa zinazotajwa juu ya boksi mara nyingi ni za kusikiliza muziki. Ulizeni saa za kuzungumza, ambazo kwa kawaida ni chache zaidi, maana kipaza sauti nacho hula umeme. Siku ya kupokea mazao ni ndefu. Hedifoni inayozimika alasiri imemtupa katibu wakati foleni ingali mlangoni.

Betri zenyewe huchakaa, na joto huzichakaza upesi. Msiziache hedifoni juu ya dashibodi ya gari juani. Katika zile ndogo za masikioni betri haibadilishwi kwa urahisi, na kidude kimoja kikianguka kwenye rundo la korosho, kimekwenda. Zile za kuvaa kichwani hupatikana nyingine ambazo mito yake ya masikio, na hata betri, huweza kubadilishwa. Ulizeni vipuri kabla ya kuuliza rangi.

Chagueni tundu la chaji la aina ya USB-C. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 nchi za Umoja wa Ulaya zimeyalazimisha makampuni kulitumia tundu hilo katika simu na hedifoni mpya zinazouzwa huko, kwa hiyo vifaa vya namna hiyo vimezidi kuenea. Waya mmoja utatosha kwa simu na kwa hedifoni, na vyama visivyo na umeme wa gridi vitaweza kuchaji kwa paneli ndogo ya jua yenye tundu la USB.

Sikio la mvaaji nalo lina haki yake

Nimesisitiza sikio la upande wa pili, lakini sikusudii kumsahau mvaaji. Kwa mtu wa uani, ambako malori yanarudi nyuma na wapakizi wanapaza sauti za tahadhari, nunueni ya sikio moja, ili sikio la pili libaki wazi kulinda uhai wake. Kwa karani wa ofisi iliyo karibu na mashine, ya masikio mawili ni bora, kwa sababu mtu anayeshindana na kelele huongeza sauti mpaka akajidhuru bila kujua. Shirika la Afya Duniani, pamoja na shirika la kimataifa la mawasiliano la ITU, limeshauri kwamba mtu mzima asizidi kiwango cha desibeli 80 kwa saa 40 katika juma. Na hedifoni isipokezanwe kutoka sikio hadi sikio bila kubadili sponji au kuisafisha.

Namna ya kujaribu

Basi nawaombeni msifanye kama nilivyofanya. Wahenga walisema rahisi inavunja upishi. Lakini mimi nimejifunza kwamba hata ghali yaweza kuvunja upishi ikiwa haikujaribiwa jikoni. Katika majaribio tuliyoyafanya baadaye, iliyokuwa na bei ya juu kuliko zote haikushika nafasi ya kwanza.

Nunueni moja kwanza, ama azimeni. Mtu mmoja aivae, asimame pale pale mizanini, lori likiwa linanguruma, na siku ya upepo. Awe na karatasi yenye namba ishirini, zilizochanganywa sita na tisa, sitini na tisini, sitini na sita na tisini na tisa. Azisome mara moja tu kwa sauti ya kawaida. Karani aliye ofisini aziandike bila kuuliza. Kisha karatasi mbili zilinganishwe. Fanyeni hivyo kwa kila aina mnayoifikiria, na tena mwisho wa siku betri inapokaribia kuisha. Matokeo yaandikwe na yapelekwe kwenye kikao kabla ya hundi kutiwa saini. Jaribio hili halihitaji fundi wala chombo, nalo linamweka mwamuzi pale anapopaswa kuwa, yaani upande wa pili wa simu.

Hata mkishapata iliyo bora, msiiamini peke yake. Sisi katika ofisi ya usafirishaji tumejiwekea utaratibu ambao ni bure kabisa. Kuisoma sitini kwa tarakimu, sita na sufuri, hakusaidii, kwa kuwa sita nayo hufanana na tisa. Kwa hiyo tunaitaja namba pamoja na jirani yake: "sitini, inayofuata hamsini na tisa", "tisini, inayofuata themanini na tisa". Hamsini na themanini hazipotezani. Anayepokea huirudia yote, anayetoa hujibu "ndiyo", ndipo kalamu inaposhuka. Baada ya hapo ujumbe mfupi wa maandishi hutumwa wenye tarakimu hizohizo, nao huhifadhiwa hadi mzigo upokewe.

Ndugu Mwenyekiti, namalizia. Hedifoni ni chombo kidogo, lakini neno linalopita ndani yake lina uzito wa magunia, na magunia yana uzito wa jasho la mkulima na heshima ya katibu wake. Mizani yetu hukaguliwa kila mwaka, kwa sababu tunajua kwamba mizani isiyo sahihi humdhulumu mtu asiyekuwapo. Simu nayo sasa imekuwa mizani. Tuikague kwa bidii hiyohiyo.

Na kwako, ndugu yangu uliyebeba aibu ya siku tisa kwa kosa la sikio langu na la ununuzi wangu: nilikuomba radhi mbele ya Bodi, na leo nakuomba radhi mbele ya vyama vyote.